Binti wa Nyumba na Binti wa Maji

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, tangu Bujumbura hata Rumonge kwa upande wa mashariki, na tangu Uvira hata Kalemie kwa upande wa magharibi, masimulizi ya mwanamke akaaye majini ni ya zamani, na wasimulizi wake hawajakwisha. Nusu yake ni mtu, nusu yake ni samaki. Ana nywele ndefu, ana kioo na kitana, na hutokea saa ambazo watu wamelala. Wazee humtaja ili kuwaonya watoto wasioge peke yao. Vijana humtaja kwa kucheka. Na wako wanaomtaja kwa sauti ya chini, kwa kuwa wana mtu wao aliyekwenda ziwani asirudi. Sisi walimu aghalabu humtaja katika somo la fasihi simulizi: tunaandika ubaoni neno "hekaya", tunatoa mfano mmoja, kisha tunafuta ubao.

Katika makala haya naomba tusifute ubao upesi. Ndani ya masimulizi hayo limo swali la maadili ambalo kila nyumba yenye binti hukutana nalo, nalo ni hili: msichana aliyelelewa na jamaa yake, akiitwa na maji, je, ana haki ya kwenda? Na jamaa yake, je, ina haki ya kumzuia?

Jina na umbo

Tuanze na jina, maana sisi ni watu wa lugha. Kiswahili cha pwani kina neno "nguva". Nguva kwanza ni mnyama wa kweli wa Bahari ya Hindi, anyonyeshaye, alaye majani yaotayo chini ya bahari. Huzaa mtoto mmoja, tena baada ya miaka kadhaa, na kumnyonyesha kwa muda mrefu. Siku hizi wamebaki wachache mno, na waliobaki pwani ya Tanzania huonekana kwa nadra upande wa Rufiji na Kilwa. Kwa sababu nguva jike hunyonyesha, mabaharia wa mataifa mengi walimfananisha na mwanamke, na neno moja likabeba maana mbili: mnyama wa baharini, na mwanamke wa hadithi. Msanii wa Kenya, Wangechi Mutu, alilitumia neno hilo aliposimamisha maonyesho yake mjini London mwaka 2014 kwa jina la "Nguva na Nyoka".

Lakini Ziwa Tanganyika ni maji baridi, na nguva hakai humo. Mwalimu wa Bujumbura asemapo "nguva" analeta neno la bahari katika ziwa. Ng'ambo yetu, katika Kiswahili cha Kongo, mwanamke huyo huitwa "mamba muntu". Jina hili lastahili kutazamwa vizuri. Mamba tunamjua: yuko katika Rusizi, na habari zake si hekaya. Muntu ni mtu. Kwa hiyo jina lenyewe limeunganisha kile tukiogopacho na kile tulicho. Padre Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya kuwako, alieleza kwamba lugha yake, ambayo ni jirani sana wa Kirundi, hugawa viumbe kwa kufuata ngeli: umuntu ni kiumbe mwenye akili, ikintu ni kiumbe kisicho na akili, na mnyama yumo katika fungu hili la pili. Sasa mamba muntu tumtie wapi? Amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, au tuseme hana miguu ya kuweka popote. Ndiyo maana anafaa kwa swali letu. Msichana wa miaka kumi na mitano naye yuko mlangoni: si mtoto tena, wala hajawa mtu mzima.

Picha isiyo na mama

Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Lubumbashi na miji mingine ya Katanga walimchora mamba muntu mara nyingi mno, na picha zake zilitundikwa sebuleni katika nyumba za wafanyakazi na makarani. Ndugu yake wa Afrika Magharibi, aitwaye Mami Wata, alikwishaenea kwa picha iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880, iliyomwonyesha mwanamke mchezesha nyoka. Masimulizi yanayokwenda na picha za Katanga yanafanana. Mwanamume hupata kitana au nywele za mamba muntu, usiku huja kudaiwa, wanapatana. Atapata mali, lakini atalipa kwa uhai wa mtu wa jamaa yake. Na siri asiitoe.

Wataalamu wameandika mengi juu ya picha hizo: tamaa ya fedha, ukoloni, miji migeni, mapenzi yasiyo na ndoa. Yote hayo yamo. Ila kuna jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Katika picha hizo mwanamke wa maji amekwisha kuwa mwanamke wa maji. Tunaambiwa habari za mwanamume aliyempata, mali aliyompa, na ndugu aliyekufa. Hakuna aulizaye: huyu ni binti wa nani? Nani alimsuka nywele hizo ndefu kabla hazijawa za kutisha? Mama yake bado anamngoja? Swali letu linaanza pale picha inaponyamaza, yaani siku moja kabla ya mkia.

Basi tumweke msichana huyo mbele yetu, bila kumpa jina, maana ni mfano tu. Ana miaka kumi na mitano. Anakaa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi vingi. Ni kifungua mimba. Mama yake hununua ndagala alfajiri, mitumbwi irudipo na taa zake, akaanika na kuuza. Na msichana huyu ndiye abebaye mtoto mgongoni, apikaye, aoshaye, kisha akaenda shule. Jioni akifika ufukoni huitwa. Sauti haimdanganyi. Yamwambia: ukija utakuwa vile ulivyo kwa kweli, na uchovu huu hutaujua tena, lakini hutaketi tena mkekani na watu wako. Miguu ikiisha kuwa mkia, haiwi miguu tena.

Mtu atasema: jambo hilo haliwezekani. Kweli. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na limepitwa kwa kina na ziwa moja tu duniani, lile la Baikal. Lakini chini ya mita mia mbili hivi maji yake hayana hewa, wala samaki hawaishi humo. Hakuna jumba huko chini. Ila mwalimu wa hesabu anaposema "mtu alinunua machungwa mia tatu," hakuna mwanafunzi anayeuliza kikapu kilitoshaje. Mfano hautakiwi uwezekane. Watakiwa uonyeshe uzito wa kila upande. Na mfano huu una sifa tatu ambazo safari nyingi za kweli huzichanganya: ni mageuzi yasiyorudi, ni wito wa kweli wala si hila, na gharama yake ni nyumba.

Hoja ya nyumba

Nyumba ina hoja nzito, tena ya kale. Mkataa kwao ni mtumwa. Msichana huyu hakujizaa wala hakujilea. Jina aitikialo alipewa. Hata neno "mimi", ambalo angelitumia kusema "mimi nataka kwenda", alifundishwa na mama yake. Mwanafalsafa wa Nigeria, Ifeanyi Menkiti, alitoa hoja hii kwa ukali mwaka 1984: kwa fikira za Kiafrika, alisema, utu si kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kikamilifu, bali hukipata kidogo kidogo kwa kuishi na wenzake na kutimiza wajibu wake kwao. Akiwa hivyo, basi aendaye majini kabla ya kutimiza wajibu wake hapelekei maji mtu kamili. Anapeleka mtu aliyekatizwa njiani.

Na wajibu si nadharia tupu. Akiondoka, nani atambeba mtoto? Mdogo wake wa miaka kumi na mmoja. Nani atakosa shule? Huyo huyo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, ambao Burundi ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, una jambo ambalo mikataba ya namna hiyo kwingineko haina: katika kifungu chake cha 31 unamtaja mtoto kuwa mwenye wajibu kwa jamaa yake, wa kuulinda umoja wao, kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wakati wa haja. Walioandika hivyo hawakuwa wajinga wa dhuluma. Walijua kwamba mtoto asiyedaiwa chochote hana pa kutegemea.

Lakini hoja hii ina ufa katikati, na uaminifu watutaka tuuonyeshe. Nyumba hiyo inayosema "usiende" imekuwa ikimwandaa binti kwenda tangu alipozaliwa. Kwa mila ya Kirundi binti harithi shamba la baba yake kama mwana wa kiume. Hupewa labda igiseke, jina ambalo asili yake ni kikapu, yaani kipande cha kutumia tu. Anajua tangu utoto kwamba ataolewa, atakwenda kwa watu wengine, na watoto wake watahesabiwa kuwa wa ukoo wa huko. Basi kwenda siko kulikokatazwa. Kilichokatazwa ni kwenda kwa hiari yake, mahali alipopachagua yeye. Nyumba imwambiapo "utatuvunja ukituacha", naye akumbukapo kwamba mahari yake ilikwishafikiriwa, ana haki ya kuuliza: mnaogopa kunikosa, au mnaogopa kutokunitoa wenyewe?

Tena, deni lisiloweza kulipwa kamwe si deni. Ni utumwa wenye jina zuri. Radhi ya wazazi ni jambo kubwa, na mtu apuuzaye radhi hujidhuru. Lakini radhi ni kitu kitolewacho kwa moyo. Ikigeuzwa kuwa kamba ya kufungia, haiwi radhi tena.

Hoja ya binti

Tugeukie upande wa pili. Msichana atasema: mwili ni wangu, maisha ni yangu, na sauti niisikiayo hakuna mwingine aisikiaye. Nikibaki, nitabaki nikiwa nusu, na nusu hiyo haitawafaa. Kwame Gyekye wa Ghana, akimjibu Menkiti, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba jamaa humlea mtu lakini haimmalizi: binadamu ana akili na uwezo wa kuchagua, na kwa uwezo huo aweza hata kuzihoji desturi zilizomlea. Mti huota katika udongo, wala hautokani na udongo peke yake.

Hoja hii nayo ina ufa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwanafalsafa wa Marekani, L. A. Paul, aliandika kitabu mwaka 2014 juu ya chaguo za namna hii, akitoa mfano wa mtu anayetakiwa kuchagua kuwa kiumbe mnyonya damu wa hadithi za Ulaya. Alionyesha kwamba kuna mambo ambayo huwezi kujua yalivyo mpaka yamekupata, na yakiisha kukupata yamekubadilisha wewe uliyekuwa ukipima. Basi kipimo hakipo. Msichana wa ufukoni anampa mtu mwingine maisha yake yote, naye hamjui mtu huyo, ingawa atakuwa yeye mwenyewe. Je, mwenye miaka kumi na mitano aweza kutia sahihi kwa niaba ya mwenye miaka arobaini?

Wengi huishia hapo, wakaipa nyumba ushindi: msichana hajui, basi na akae. Lakini tuivute hoja hiyo mbele hatua moja, nayo itatupeleka mahali tusipotarajia. Mfano wa pili ambao Paul aliutoa, tena wa kweli kabisa, ni kuzaa mtoto. Hakuna mwanamke ajuaye kuwa mama ni nini mpaka amekuwa mama. Na akiisha kuwa mama, yule aliyekuwa kabla hayupo tena. Kumbe mama wa msichana huyu, siku alipokubali kumzaa, alijitosa katika maji asiyoyajua kina chake, na akageuka asirudi. Huenda naye alikuwa na umri mdogo. Huenda na wazazi wake walimwambia angoje.

Kwa hiyo mama na binti hawakusimama pande mbili za jambo hili kama mwenye busara na mjinga. Wamesimama katika maji yale yale, mmoja ametangulia. Wahenga wa pwani walisema: mwana wa mtu ni kizushi, akizuka, zuka naye. Methali hii ina ujasiri mwingi. Haisemi umzuie asizuke. Wala haisemi umwache azuke peke yake.

Wale wanaosingiziwa maji

Kabla ya kutoa hukumu, hapana budi kutaja hatari mbili ambazo si za mfano.

Ya kwanza ni nyumba inayofukuza. Tumesema kana kwamba kila jamaa yataka kumshika binti yake. Sivyo. Mjini Kinshasa, tangu miaka ya 1990, maelfu ya watoto wameshtakiwa uchawi na jamaa zao wenyewe na kutupwa barabarani, hasa pale umaskini, vifo na ndoa za pili zilipoingia nyumbani. Msichana anayenyamaza sana, anayependa kukaa peke yake, anayeota ndoto, ni rahisi kuambiwa "huyu si wetu, huyu ni wa majini". Hapo wito hautoki ziwani, watoka sebuleni. Jamaa inayompa mtoto umbo la mnyama ili isione haya kumfukuza imefanya dhambi kuliko mwanamume yeyote wa picha za Lubumbashi, maana imelipa kwa uhai wa ndugu na hata mali haikupata.

Ya pili ni kimya. Mama asemapo "binti yangu alichukuliwa na watu wa maji", yamkini anakataa kulitamka neno "amekufa". Tumheshimu, huzuni ina lugha yake, nasi walimu wa lugha hatuna ruhusa ya kuisahihisha. Lakini wengine wote waliobaki wasijifiche nyuma ya maneno ya mama. Msichana aliyepotea hutafutwa. Huenda alizama; huenda alivushwa mpaka kwa ahadi ya kazi; huenda ameozwa. Sheria ya Burundi ya watu na familia ya mwaka 1993 iliweka umri wa msichana kuolewa kuwa miaka 18, na hekaya yoyote inayoufunika mlango wa nyumba aliyofichwa mtoto wa miaka kumi na mitano imegeuka kuwa pazia la mhalifu. Hali kadhalika na maji yenyewe. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, mafuriko ya Rusizi na kupanda kwa ziwa kuliwatoa watu wa Gatumba katika nyumba zao. Hao hawakuitwa na maji. Maji yaliwafuata mlangoni. Tusimwite "aliyechagua" mtu ambaye hakuachiwa chaguo.

Nani analipa?

Sasa tujaribu kuhukumu. Naona kwamba masimulizi ya mamba muntu, pamoja na vitisho vyake, yametuachia kipimo kizuri. Katika masimulizi hayo ubaya wa mapatano hauko katika mali, wala katika maji, wala katika uzuri wa mwanamke. Uko katika jambo moja: alipaye si yule apataye. Mwanamume anatajirika, ndugu yake anakufa bila kuulizwa. Basi swali la kwanza juu ya kila kuondoka ni hili: nani analipa, na je, ameulizwa?

Kwa kipimo hicho, binti hana haki ya kuondoka usiku na kumwachia mdogo wake mtoto mgongoni pasipo neno. Ana wajibu wa kusema mbele ya jamaa: mzigo huu nilikuwa nikiubeba, sasa tuugawe. Lakini kipimo hicho hicho chaihukumu nyumba. Mzigo aliokuwa nao haukuwa wake. Ulikuwa wa nyumba nzima, ukawekwa juu ya mmoja kwa kuwa ni msichana na kwa kuwa ni wa kwanza. Ikiwa umoja wa jamaa wasimama juu ya shingo ya mtoto mmoja, si yeye auvunjaye anapoinua kichwa.

Hans Christian Andersen wa Denmark, katika hadithi yake maarufu ya mwaka 1837, aliigeuza safari hii. Binti wa bahari, aliyeruhusiwa kupanda juu ya maji kwa mara ya kwanza alipotimiza miaka kumi na mitano, anataka miguu. Ananunua miguu kwa ulimi wake. Anawaacha baba, bibi na dada watano. Watu wengi humkumbuka mwana wa mfalme. Mimi nawakumbuka wale dada. Walikata nywele zao, wakampa mchawi, wakapewa kisu ambacho kingeweza kumrudisha mdogo wao nyumbani, kwa sharti amuue mwana wa mfalme. Naye akakitupa kisu. Mambo mawili yamo humo. Dada walilipa kwa nywele zao wenyewe, na hivyo ndivyo jamaa ipasavyo kulipa. Lakini kisu walichonunua kilidai damu ya mwingine. Binti akakataa. Huyu alikipita kipimo chetu: hakukubali mtu mwingine amlipie.

Hata hivyo lipo kosa moja alilotenda, nalo ni kosa ambalo sisi wa taaluma hii twapaswa kuliona kabla ya wengine. Aliuza ulimi. Alipofika alikokwenda hakuweza kujieleza alikotoka, wala hakuweza kuwapelekea habari waliobaki kwa maneno yake mwenyewe. Mtu aweza kubadili makao, kazi, mavazi, hata umbo, akabaki binti wa watu, mradi aweza kuwasemesha nao wakamjibu. Akiukata ulimi, amekata njia ya kurudi. Vivyo hivyo kwa nyumba: jamaa isemayo "ukienda usitaje tena jina letu" imemkata ulimi kwa kisu chake yenyewe.

Mila ya Kirundi yajua jambo hili. Bibi arusi huondoka kwao, akakaa ndani kwa waume. Kisha watu huja kwa sherehe ya gutwikurura, yaani kumfunua, wakala, wakanywa, na tangu hapo huweza kutoka na kuwatembelea wazazi. Kuondoka kumepewa taratibu zake, na taratibu hizo zina mlango wa kurudia. Kwa nini basi tuwe na sherehe kwa binti aendaye kwa mume, tusiwe na neno hata moja kwa binti aendaye kwenye wito wake?

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nyumba ina haki ya kumwambia binti wa miaka kumi na mitano "ngoja", maana mkia haurudi kuwa miguu, na miaka mitatu si mingi kwa jambo la milele. Haina haki ya kumwambia "kamwe". Binti ana haki ya kwenda atakapokuwa amengoja, amesema, na mzigo umegawanywa. Hana haki ya kununua kwenda kwake kwa uhai au elimu ya mdogo wake. Na wote wawili wanadaiana sauti: yeye kuita, wao kuitika.

Najua jibu hili haliondoi uchungu. Hata mambo yote yakitendwa kwa haki, asubuhi moja mkeka utakuwa na nafasi tupu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Maadili hayakuahidi kwamba atendaye haki hatalia. Yaliahidi tu kwamba hatalia kwa ajili ya dhuluma.

Darasani

Walimu wenzangu, swali hili lafaa kuwekwa mbele ya wanafunzi wa sekondari, katika mjadala au katika insha, lakini kwa masharti machache. Tusiwagawe mapema katika "wanaounga mkono" na "wanaopinga", kana kwamba mtu hawezi kumpenda mama yake na kuyasikia maji kwa wakati mmoja. Tuwape kazi ya kuandika yale yasiyosemwa katika masimulizi: maneno ya mama asubuhi ile, maneno ya mdogo wa miaka kumi na mmoja, barua ya binti itokayo majini, kama ulimi wake ungalipo. Tuwatake watumie methali, kisha watafute methali ipingayo ile waliyoitumia. Ndipo watakapoona kwamba wahenga hawakuwa na sauti moja.

Na katika mjadala tuwaache wasichana waanze. Kwa desturi yetu mkubwa husema kwanza, na desturi hiyo ni njema katika mambo mengi. Ila katika jambo hili wakubwa tumekwisha kusema muda mrefu, katika picha na katika hadithi, na yule aliyesimama ufukoni hatujamsikia bado.